Maji ya Bwawa la Tatu

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ninayoikumbuka kwa sikio kabla ya jicho. Nilikuwa nimeinama kwenye tuta la mchicha, nyuma ya matete, nikasikia nyundo ikigonga ubao: mara moja, kimya, kisha mara mbili. Sikuhitaji kuinuka. Nilijua ni ubao gani unagongwa, na nilijua nani aliufungua jana yake mchana. Ni mimi.

Miaka ile ya Ujamaa, sisi wanawake wachache wa Temeke tulipewa kipande cha ardhi pembeni ya kambi ya jeshi tulime mboga pamoja. Bomba la mtaani lilikuwa likitoa pumzi tu. Kambini maji yalikuwepo, ila yalikuwa yametoka kwenye mabafu, majiko na vyoo vya askari. Yaliingia bwawa la kwanza, taka zikazama. Yakapita la pili, yakakaa juani siku nyingi. Yakafika la tatu yametulia, hayana harufu, na perege wakicheza ndani. Ya bwawa la tatu tu ndiyo tuliruhusiwa kumwagilia mboga. Ya la pili yalikuwa ya mivinje ya kambi, basi.

Msimamizi wa mabwawa alikuwa Sajini Haule, Mngoni mmoja mpole, aliyeyazungumzia yale maji kama muuguzi anavyozungumzia wagonjwa wake. "Yaacheni yapone," alikuwa akituambia.

Lakini nani angekula mboga ile? Mtaani waliiita mchicha wa chooni. Aliyetuokoa ni Bi Mwanahawa, mama mtu mzima aliyewafundisha wasichana Kurani, na ambaye neno lake juu ya twahara, kipi safi na kipi najisi, hakuna aliyelipinga. Alikuja mwenyewe na mwavuli wake, akachuchumaa kando ya bwawa la tatu, akateka maji kwa kiganja, akayanusa, akayatazama rangi. Kisha akabeba mafungu ya mchicha wetu, akapita nayo katikati ya mtaa, wazi, watu wote wakiona. Tangu siku hiyo tukauza.

Kiangazi kikaja, bwawa la tatu likapungua. Jirani yake Bi Mwanahawa alikuwa na harusi Jumapili, na ni bibi mwenyewe aliyewaambia mboga wachukue kwetu. Sajini akatuomba tusubiri siku chache, maji yashuke kwa wakati wake. Mimi niliyaona majani yamelala chini kama watu waliofiwa, nikashindwa kuvumilia. Wenzangu walipokwenda kula, niling'oa ubao unaozuia maji ya bwawa la pili, nikayaelekeza maji matutani.

Sasa nyundo ilinyamaza. Sajini akatokea kwenye matete, suruali kaikunja hadi magotini.

"Ndugu Siwema, nani kafungua la pili?"

"Mie sijui, afande."

"Basi yamejifungulia yenyewe. Huenda nayo yamechoka kusubiri."

Hakucheka. Alisimama tu, matope yakimkaukia miguuni, mpaka nikasema ni mimi.

"Matuta gani?"

"Yote manne ya chini. Lakini nitauosha mchicha, afande. Nitauosha mara tatu, hakuna atakayejua."

"Wewe unajua. Mie najua. Tumeshakuwa wawili." Akanipa jembe. "Ng'oa. Ukimaliza, nenda kwa Bi Mwanahawa. Mie siendi. Alikuja kunusa maji haya kwa ajili yenu, si kwa ajili yangu."

Kilichoniuma, mwanangu, ni kwamba mchicha ulikuwa umependeza. Ulikuwa umenyanyuka, majani mapana, yanang'aa. Niliung'oa wote, nikaufukia, nikaenda.

Nilimkuta Bi Mwanahawa ukumbini kwake, anapeta mchele. Nilimweleza kila kitu, naye akaendelea kupeta hadi ungo ukaisha makapi.

"Ungeniletea, ningekula?"

"Ungekula, bibi."

"Na wageni wa watu wangekula, kwa neno langu."

"Ndiyo, bibi."

Akaweka ungo chini. "Haya. Wenye harusi wako nyumba ya pili hapo, wanakuna nazi. Nenda kawaambie."

"Nilidhani utawaambia wewe. Wewe watakusikiliza."

"Mie langu nilishalisema, na wewe ndiye uliyelimaliza nguvu. Sasa kaseme lako."

Sikufichi: walinifokea, na mmoja akaapa hatagusa mboga yetu tena, na kweli hakugusa hadi alipohamia Kurasini. Wengine walirudi taratibu, kwa kuwa walishajua kwamba kwetu mboga iliyokosewa hung'olewa.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Kilichochafuka hutakata, maji hata mtu, lakini kwa muda wake. Usikikatizie njia kwa sababu wewe una haraka. Ukikosea, usitafute namna ya kuosha usionekane. Sema kabla kosa halijafika kwenye sahani ya mwenzio. Na aliyekudhamini kwa watu, alisikie kutoka kinywani mwako, wala si kwa jirani.

Na dua aliyoniombea Bi Mwanahawa pale kizingitini ndiyo ninayokuombea nawe leo: Mungu akupe subira mikononi, akupe ukweli ulimini, na akujaalie watu wa kukukemea wakiwa bado wanakupenda. Aliitikia amina mwenyewe, akanishika mabega, akanigeuza nielekee kule kwenye nazi na vicheko. Nilipopiga hatua ya pili, nikasikia komeo la mlango wake likishuka nyuma yangu.