Kisanduku cha Shangazi Nyamizi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilinuniwa na watu wawili kwa mpigo, nikiwa binti tu huko Kigwa. Hebu acha kwanza hiyo kompyuta unisikilize, na usiniambie tena kwamba programu inajua.

Alikuja kijana wa mradi wa nyuki na laptopu yake. Mizinga mipya ilikuwa ya walioangukia robo ya chini: anaingiza mavuno ya asali ya kila mrinaji, programu inayapanga kuanzia madogo hadi makubwa, inakata mafungu manne sawa, na fungu la kwanza ndilo linalopewa. Hesabu nzuri kabisa. Shida ni sisi. Kwetu mtu hasemi mizinga yake ni mitupu, anasema, "Nyuki bado wanajenga." Shangazi Nyamizi, mjane, nyuki walimhama wote, naye akajibu hivyohivyo huku anatabasamu. Kijana akaacha kisanduku cha jina lake kwenye programu kitupu.

Programu ikakiruka. Shangazi, aliyekosa kuliko wote, hakuwemo hata kwenye hesabu. Baba yangu, aliyepata asali kiasi, akaingia robo ya chini akifurahi. Nikachoka.

"Kaka, mwandikie shangazi sifuri," nikasema mbele ya watu.

"Hakusema sifuri, dada. Kasema bado."

"Hana hata tone."

Akaandika, akabonyeza tena. Mstari wa robo ukashuka. Shangazi akaingia, baba akatoka. Baba akasema nimemnyang'anya mizinga kwa mdomo wangu. Shangazi akasema nimemwanika, na tangu hapo shikamoo yangu hakuiitikia. Jamani, ningefanyaje mie?

Msimu uliofuata shangazi alirina kwenye mizinga ile mipya. Akaja na chupa ya asali, akaiweka mbele ya baba, kisha akanigeukia kabla sijafungua mdomo. "Marahaba," akasema.

Sasa na wewe umekaa hapo na mavuno ya watu, visanduku vitupu kibao, kidole tayari kubonyeza. Inaniudhi! Kaulize kila mmoja: hakupata, au hakuulizwa? Aliyekosa mwandikie sifuri yake, asiyejulikana mtafute. Na umwulize faraghani, akili ambayo mimi sikuwa nayo.

Mungu akupe macho ya kumwona asiyeandikwa, na akupe subira kunizidi mimi. Haya, chukua simu uwapigie.