Salfa Katika Mwezi wa Saumu

Nimeugua katika miji mingi, maana sikujaliwa kutulia pahali pamoja, na kila ninapopewa dawa huuliza jambo moja kabla ya bei: ikisha kufanya kazi yake, inatoka vipi mwilini? Wauza dawa hunitazama kama mtu wa ajabu. Swali hilo nilitoka nalo kisiwani Ndau, miaka ya hamsini, nyumbani kwa baba yangu.

Baba alikuwa mtu wa Lamu mjini, lakini alikwenda Ndau kusomesha chuo cha Kurani, akahamia huko na mama. Mwaka huo Ramadhani iliangukia mwisho wa kaskazi, joto likiwa limekaza. Siku chache kabla ya mwezi kuandama alishikwa na kichomi. Mashua ikampeleka Lamu, akalazwa, akapewa vidonge vyeupe vya salfa, homa ikashuka. Alirudishwa nyumbani na vidonge vilivyobaki na maagizo mawili: avimalize vyote hata akijiona mzima, na anywe maji mengi.

Mimi nilikuwa kijana niliyemaliza sekondari Mombasa, nikaajiriwa katika duka la dawa. Habari ziliponifikia niliomba ruhusa, nikasafiri. Nilimkuta baba mbele ya wanafunzi wake, midomo imemkauka, amefunga.

"Mgonjwa hafungi, Baba."

"Mgonjwa yuko wapi? Homa imekwenda zake. Au umekuja kuzika?"

Wanafunzi wakacheka.

Vidonge alikuwa hajaviacha, na hilo lilinituliza. Baba alikuwa mtu wa kutii. Dresa wa hospitali amesema avimalize, atavimaliza. Mungu ameamuru saumu, atafunga. Basi dozi za mchana alizihamishia usiku, akazimeza fungu moja baada ya futari na fungu jingine wakati wa daku. Kilichokosa nafasi ni maji. Alifungua kwa tende na kikombe cha kahawa chungu, akala kidogo, akaenda msikitini. Hakutaka kujaza tumbo maji, yasije yakamtoa katika safu katikati ya tarawehe kwenda kutawadha upya. Wengi walifanya hivyo, na hawakudhurika. Lakini wengi hawakuwa na salfa ndani ya damu yao.

Siku moja baada ya adhuhuri mama aliniita jikoni. Alikuwa akikuna nazi.

"Babako mgongo wamuuma," akasema kwa sauti ya chini. "Huku, chini ya mbavu. Na tangu jana haendi haja ndogo, ni matone tu. Leo nimeona chooni, mekundu."

"Amekwambia?"

"Aniambie yeye? Nimeona kwa macho yangu. Wala usimwambie nimekwambia."

Nilikumbuka maneno ya mwenye duka kule Mombasa, aliyependa kunieleza mambo wakati hakuna wateja. Dawa, alisema, haijui ugonjwa uko wapi. Kidonge huyeyuka tumboni, hupita kwenye utumbo, huingia katika damu, na damu hukisambaza kila mahali, hata kwenye kidole cha mguu kisichouma. Salfa haiui vijidudu papo hapo. Huvizuia visizaane, na mwili wenyewe ukamaliza vita. Ndiyo maana dozi hugawanywa mchana na usiku, ili kiasi chake katika damu kisipande mno wala kisishuke mno. Halafu ini huigeuza, figo huichuja, ikatoka na mkojo. Mkojo ukiwa mchache, salfa haipati pa kuyeyukia. Huganda ikawa chembe zenye ncha, zikakwaruza figo, zikaziba. "Na mtu akizibwa figo zote mbili," alisema huku akifuta chupa, "uchafu wa damu hauna pa kwenda. Hana siku nyingi."

Nimekulia kwenye mawe ya pwani. Najua maji ya bahari yanavyobaki shimoni, jua likayala, ikabaki chumvi imeng'ang'ania jiwe. Nikaliona jambo hilo ndani ya baba.

Bahari ilikuwa imekupwa, mashua zimelala ubavu kwenye matope. Lamu hakufikiki mpaka maji yajae. Nikaenda kwa baba, naye amejinyoosha kitandani ukumbini.

"Baba, kunywa maji."

"Jua liko wapi?"

"Juu."

"Basi umejijibu."

Nikamweleza yote: damu, ini, figo, chembe. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mwanafunzi anayesoma sura kwa ghibu, akingoja nikosee.

"Umesomea utabibu?"

"Sikusomea. Nauza dukani."

"Na sabuni wauza?"

"Na sabuni."

"Basi nivunje saumu kwa kauli ya muuza sabuni!"

Mama akadakia kutoka mlangoni, "Vunja kwa kauli yangu mimi! Au wanitaka nikae eda ndipo uridhike, bwana wee?"

Baba alifungua kinywa amjibu, maumivu yakamkatiza. Alishika mbao ya kitanda mpaka vidole vikabadilika rangi. Sijapata kumwona vile. Yalipompungukia akaniuliza, kwa sauti ileile ya chuoni:

"Hili usemalo, una yakini nalo?"

Nilitamani kusema ninayo.

"Sina, Baba. Nimeambiwa tu. Lakini naogopa."

"Kuogopa kila mtu huogopa. Nakuuliza upande upi mzito. Wa madhara au wa salama?"

"Wa madhara. Mzito sana."

Akafumba macho. Miaka yote alikuwa akiwasomesha watu kwamba mgonjwa haambiwi angoje yakini ndipo afungue, dhana yenye nguvu yatosha. Nilimwona akitafuta pa kupenya katika somo lake mwenyewe, asipaone.

"Leteni mai," akasema.

Mama alileta mtungi na kata ya kuchotea. Baba akageukia ukuta, akapiga bismillahi, akanywa kata ya kwanza. Nikaviondoa vidonge, asimeze vingine. Kata ya pili, ya tatu. Kisha tukangoja, na hapo ndipo hofu ilipoanza hasa. Maji yalikuwa yakiingia tu. Kama njia imekwisha kuziba, haya nayo yataenda wapi? Mwenye duka hakunieleza. Kila nilipompa kata nyingine nilijiuliza kama namponya au namzamisha kwa mkono wangu.

Alasiri ilipoingia aliinuka, akashika ukuta, akaingia chooni. Mama nami tukasimama nje ya mlango, masikio yametusimama. Kimya. Akaguna. Matone machache, yakakoma. Mama akanikamata mkono, kucha zikaniingia. Kimya tena, kirefu. Halafu mchirizi mwembamba, ukakatika, ukarudi, ukaendelea.

"Wasikia?" mama akanong'ona.

"Nasikia."

"Hamna haya nyinyi?" baba akafoka kutoka ndani. "Ondokeni hapo!"

Hatukuondoka.