Uzito Mbele, Umri Nyuma

Rafiki, wewe nakueleza bila kuficha, maana kuna mambo hata kwenye maombi ya akina mama nimeshindwa kuyatamka.

Kuandika programu nilijifunza kwenye masomo ya jioni hapa Bukoba. Nikaandika funksheni moja, kipande kidogo tu cha programu. Unaipa umri wa mtoto kwa miezi, halafu uzito wake kwa kilo, inakujibu mililita za dawa ya homa. Nikaiweka mtandaoni, mwenye shida nayo achukue. Muuguzi mmoja wa kisiwa cha Goziba, huko Muleba, akaiunganisha kwenye programu yake ya simu.

Mwaka jana nikaigeuza. Kliniki, mama yeyote anajua, mtoto anapandishwa mizani kwanza ndipo kadi inafunguliwa. Basi nikaweka uzito mbele, umri nyuma. Nikaijaribu nyumbani Rwamishenye, ikakubali.

Wiki ile ile muuguzi akapiga.

"Shikamoo mama. Siku hizi mtoto wa miaka miwili anakunywa dozi ya darasa la pili?"

"Marahaba. Unanitania?"

"Nitanie nini! Ana miezi ishirini na nne, kilo kumi na moja. Programu inataka nimpe kama mwenye kilo ishirini na nne."

Nikafungua kompyuta, nikaelewa kosa langu. Programu yake ilivuta toleo jipya yenyewe, lakini bado ilikuwa inatanguliza umri. Namba ni namba, kompyuta haikulalamika. Afadhali ingegoma kabisa.

"Hujampa?"

"Huyu sijampa. Wa jana nilimpa. Na wazazi wake ni wavuvi, wamehama kambi."

Nikarudisha mpangilio wa zamani hapo hapo. Lakini dawa iliyomezwa hairudishwi. Siku mbili nilipiga magoti sina maneno, ni "Bwana, mtoto yule" tu.

Siku ya tatu muuguzi akapiga, Kihaya kikimtoka kwa furaha. "Waitu mama, nimempata! Alitapika sana, sasa amenitemea uji."

Nikalia. Halafu nikakumbuka kwamba funksheni ile niliiweka wazi kwa kila mtu.

Ile ya zamani sasa siigusi. Mpya nimeipa jina lake, na haifanyi kazi mpaka uandike upi ni umri, upi ni uzito. Ila aliyenakili ile niliyoigeuza, wiki ile, akaendelea kuitumia, simjui. Tafadhali, mweleze yeyote unayemfahamu anayeandika programu za zahanati, naye amweleze mwenzake, mpaka habari imfikie huyo.