Kibali cha Ngoma

Harufu ya kanga mpya ambayo haijaguswa na maji hunirudisha mtaa wetu wa Gerezani, miaka ya hamsini, kwenye ua wetu uliojaa wanawake. Mama alikuwa mwimbishaji wa kikundi chao cha lelemama, ngoma ya akina mama. Hasimu wake alikuwa Bi Mwanaidi, mwimbishaji wa Ilala. Kwa miaka walirushiana mafumbo kwenye ngoma, na wakikutana sokoni Kariakoo kila mmoja alijifanya anachagua mchicha. Ilikuwa desturi kila kikundi kutuma mdukuzi nyuma ya ua wa wenzao, auibe wimbo mpya ili ujibiwe siku ya ngoma.

Msimu mmoja serikali ya kikoloni ilikataza mikutano ya kudai uhuru, ila ngoma haikukatazwa. Akina mama wakachukua kibali cha ngoma Mnazi Mmoja, na Mama akayatia maneno yote ya mkutano ndani ya wimbo mmoja mrefu. Kwa siku kadhaa nilimtwangia tangawizi ya koo kutwa nzima alipokuwa akiwafundisha wenzake kuitikia. Makuti ya ua yakichakacha tu, alipaza sauti: "Sikilizeni vizuri, watu wa Ilala, msije mkakosea!" Ua mzima ukaangua kicheko.

Siku yenyewe uwanja ulifurika. Askari akakiinua kibali juu: "Ngoma ikisimama, kila mtu kwao!" Mama akaanza. Ubeti wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu sauti ikakwaruza, ikazimika. Siku zote zile za kufundisha zilikuwa zimeimaliza, na wenzake walijua kiitikio tu. Ngoma zikasitasita. Nilimwona askari akipapasa filimbi yake, nikaikamata kanga ya Mama kwa mikono miwili.

Ndipo ubeti wa tatu ukasikika kutoka upande wa pili wa uwanja, mzima, neno kwa neno. Alikuwa Bi Mwanaidi, akipasua umati, Ilala nzima nyuma yake. Aliimba mpaka ubeti wa mwisho, na watu wakaitikia hadi nikahisi mchanga ukitetemeka chini ya nyayo zangu. Sijapata kusikia tena sauti ya namna ile. Alipofika mbele ya Mama akauliza, "Nimekosea mahali, shoga?" Mama akaivua kanga yake ya juu, akamvika.

Siku hizi nikipita Mnazi Mmoja nakuta vipaza sauti virefu kunizidi, na wasemaji wanaozomeana hadi Kariakoo wanasikika. Husimama kidogo, nikasikiliza. Najiuliza ni nani kati yao anayeujua wimbo wa hasimu wake mpaka ubeti wa mwisho.