Pasikali Hakuliliwa

Kijijini Heru Juu mtu akikuuliza amahoro, yaani kama kuna amani, unajibu amahoro, hata kama paa la nyumba yako linawaka moto. Ndiyo adabu. Theodosia alizaliwa akaikuta, na hakuwahi kuilaumu mpaka mwaka 2013, Pasikali, mdogo wa mumewe, alipojiua. Asubuhi ya siku hiyo kila aliyekutana naye njiani alijibiwa amahoro.

Mzee Majaliwa, mkubwa wa ukoo, akatoa amri: aliyejiua haliliwi. Hakuna matanga, hakuna moto uani. Wakamzika harakaharaka, kila mtu akarudi kwenye maharage yake. Reverien, mume wa Theodosia, ndiye aliyemlea Pasikali tangu mama yao afariki, lakini hakudondosha hata chozi. Watu wakamsifu: mwanaume yule amejikaza! Sifa za kijinga hizo, na Theodosia naye alizitamka. Zinamchoma mpaka leo.

Maana Reverien alijikaza kwelikweli. Hakufoka, hakulewa, hakulitaja jina la mdogo wake. Nani alisema kuutawala moyo ni kuuziba mdomo? Msimu uliofuata akaanza kugawa vitu. Jembe zuri akampa jirani, koti la kanisani akampa shemeji yake, nao wakamwita mkarimu. Kisha jioni moja akamtembeza mkewe kwenye mpaka wa shamba, mti kwa mti.

"Uushike vizuri, mama Loyce. Mtu asije akakudhulumu."

Theodosia hakuzungusha maneno. "Baba Loyce, unataka kumfuata Pasikali?"

Mume akauegemea mti wa mwisho. "Nimechoka kujishika," akasema.

"Basi usijishike peke yako."

Hakumwacha peke yake tena. Kulipokucha akawasha moto katikati ya uwanja, akatandika mikeka, akaanza kumlilia Pasikali kwa jina lake, kwa sauti ya kufika bondeni. Wanawake wakaja mmoja mmoja, kwa woga. Mzee Majaliwa akaja na fimbo yake.

"We mwanamke, una wazimu? Huyo haliliwi!"

"Namlilia huyu, baba mkubwa, nisije nikamlilia na kaka yake."

Reverien alikuwa amesimama mlangoni. Akaketi pale kizingitini, akalia mpaka sauti ikakauka. Kesho yake Theodosia alimpandisha bodaboda, wakaenda wote hospitali, akakaa naye mpaka daktari alipomsikiliza.

Hakupona. Nani anayepona kwa kilio kimoja? Siku mbaya zilirudi, na baadhi yake zilikuwa mbaya kuliko za mwanzo. Ila sasa alizijua zinavyoanza: kifua kinabana, na anatamani shamba la mbali kusiko na mtu. Hapo huliacha jembe lilipo, akaenda walipo watu. Ni kazi ngumu kuliko kulima, na haina mavuno ya kumwonyesha mtu.

Asubuhi moja mwaka 2015 alikuwa njiani na mkewe, wakakutana na mzee Majaliwa.

"Amahoro?"

"Leo hapana, baba mkubwa. Leo si amahoro."

Theodosia akaona aibu kwanza, mazoea hayo. Salamu ile haikuwa na jibu jingine Heru Juu. Mzee akaweka fimbo chini, akaketi nyasini kando ya njia, akampa Reverien nafasi ya kukaa.

Walikaa hivyo, watatu, hadi mzee alipofunika uso kwa viganja.

"Na Pasikali nilimuuliza hapahapa, asubuhi ile," akasema.