Kikwembe Mlangoni mwa Studio

Karibu na mwisho wa wimbo wetu mrefu kuliko zote kuna mlio mdogo, kama mtu amekanyaga kipande cha mkaa. Vijana wanaotuandikia kutoka nchi za baridi, wenye nywele ndefu na mashati meusi, wanauliza tuliutengeneza kwa chombo gani. Hakuna chombo. Ni jino langu likivunjika kwenye maikrofoni, na aliyenisukuma kichwa alikuwa akiita jina la Yesu.

Bendi yetu ni watu watatu. Mpiga gita ni fundi wa simu sokoni Kadutu, hapa Bukavu, mtu wa subira na vidole vyembamba, asiyesema sana. Mpiga ngoma ni mtoto wa kanisa: Jumapili aliipigia kwaya, siku nyingine akatupigia sisi, kwa mikono ileile. Mimi ni mwimbaji, kama kupayuka kunaitwa kuimba. Mchana nachapa ripoti katika ofisi ya shirika moja, nimevaa sketi, nasema "bonjour patron" kwa sauti ya chini, na hakuna anayejua kwamba hasira imenijaa hadi kooni. Hasira hiyo ninayo tangu utoto. Kwetu Cimpunda nyumba zimebanana hivi kwamba ukikohoa jirani anakuambia pole, kwa hiyo sikuwahi kupata mahali pa kuitolea, mpaka siku mpiga gita aliponisikilizisha muziki wa metali kwenye simu ya mteja. Mtu alikuwa ananguruma kama anachinjwa, na gita zinamkimbiza. Nilisikia raha mwili mzima.

Sauti ile nilijifunzia chooni. Haitoki kooni, inatoka tumboni, na ukikosea unatema damu. Jirani mmoja alimletea mama yangu dawa ya kuharisha, akamwambia kwa huruma kwamba amenisikia nikiteseka.

Mwanzoni tuliiga mashetani ya wazungu. Mpiga gita alileta fuvu la mbuzi kutoka kwa wachinjaji, akataka tupige nalo picha, kwa sababu bendi zote kubwa zina mbuzi. Nilimcheka mpaka akakasirika. Kwetu mbuzi ni mahari, mbuzi ni nyama ya kuchoma ya Jumamosi. Nani Bukavu atamwogopa mbuzi? Tukaachana na fuvu, nikawaletea kitu nilichokuwa nacho mwenyewe: hadithi ya koko, mama mzaa mama yangu, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi ambaye hadi kufa kwake alimwaga pombe kidogo chini kabla ya kunywa.

Koko alikuwa akisimulia habari za mzimu mmoja aliyekuwa mwindaji mkubwa, yule ambaye Washi, watu wetu, walimtambikia kabla misalaba haijafika. Mama wa mwindaji huyo aliota ndoto mbaya, na asubuhi akamkataza mwanawe kwenda porini. Mwana akacheka. Mama akafungua mkanda wa kiunoni mwake, akaulaza mlangoni, kwa maana mkanda ule ulifunga tumbo lililombeba, na hakuna mwana anayeuvuka. Yeye akauvuka. Huko porini mbwa wake wakafa mmoja baada ya mwingine, kisha nyati akamtoboa kifua na kumrusha juu ya mti. Koko alisema ndiyo sababu hadi leo, mama akilaza kikwembe chake, kitenge anachojifunga kiunoni, mlangoni, kila mtu anasimama. Hukanyagi, huruki. Mzazi amesema basi.

Hiyo ikawa albamu yetu: kifo cha mwindaji, kwa Kimashi, lugha yetu Washi, kuanzia ndoto mpaka pembe. Niliandika jinsi mbavu zinavyofunguka, jinsi utumbo unavyonasa kwenye matawi, jinsi nyati anavyorudi kukanyaga alichokwisha kuua. Nayapenda maneno yale, sitadanganya. Katika mji huu watu wanauawa kwa panga na risasi, wanazikwa haraka, na sisi tunapita tukisema Mungu ni mwema. Niliona ni heshima kumpa angalau mtu mmoja kifo chenye kelele.

Kurekodi ndiko kulikotutesa. Mara ya kwanza tulirekodi kwa simu, jikoni kwetu, magodoro tumeyaegemeza ukutani, na kinachosikika zaidi ni mtoto wa jirani akipiga sufuria. Mara ya pili tulipanda hadi mtaa wa Kasha, kwenye nyumba isiyomalizika ya mjomba wa mpiga gita, na jenereta ikanguruma kunishinda. Mjini Bukavu ni nani mwenye chumba kisichopitisha sauti, ngoma kamili na maikrofoni nzuri? Ni makanisa. Mpiga ngoma alikuwa na ufunguo wa studio ya kanisa lake la uamsho, ile wanayorekodia kwaya. Shida ni kwamba lilikuwa pia kanisa la mama yangu.

Mama aliokoka nikiwa mdogo, miezi michache kabla papa, baba yangu, hajaenda Luhwindja kuchimba dhahabu. Shimo lilimwangukia. Waliochimbua walipata miguu kwanza. Baada ya mazishi mama akahamia kanisani roho na mwili, akaingia kikundi cha waombezi, wale wanaofunga na kufukuza pepo. Nyuma ya kanisa kuna chumba kisicho na dirisha, na mwenye pepo anafungwa humo mpaka pepo atoke. Binti wa jirani yetu, aliyekuwa na kifafa, aliingia mle kwa miguu yake mwenyewe. Alitoka amefungwa katika blanketi, mbavu zikihesabika, mnyororo umemla kifundo cha mguu hadi mfupa. Walisema pepo alikuwa mkali. Mama yangu ndiye aliyeuosha mwili. Aliporudi nyumbani hakula, na Jumapili akavaa vizuri akarudi kanisani. Nilimchukia kwa hilo, na sikumficha.

Kwa hiyo nilijua ninaingia nyumba ya nani. Tulichagua mchana ambao kanisa huwa tupu. Hatukujua kwamba waombezi walikuwa wamesogeza mfungo wao hadi siku hiyo, na kwamba walikuwa ng'ambo ya ukuta, wamelala kifudifudi ukumbini, wakiomba kimya. Hata hilo lisingetudhuru, maana chumba hakipitishi sauti. Lakini studio ile ina waya unaokwenda kwenye bafle, zile spika kubwa za ukumbi, ili nyimbo za kwaya zipigwe kutoka humo wakati wa ibada. Mpiga ngoma huuchomoa kila akirekodi. Siku hiyo alichomoa waya mwingine.

Basi watu waliokuwa hawajala tangu jana walisikia, juu ya madhabahu yao, sauti ya nyati. Ilisema Kimashi, lugha ya bibi zao. Iliita jina la mzimu ambao wao wenyewe waliukana siku ya ubatizo, ikaeleza utumbo wake ulivyoning'inia.

Mimi nilikuwa nimefumba macho. Mlango ulivunjwa nikiwa katikati ya sehemu ya pembe za nyati, na kilichonigusa kwanza kilikuwa kiganja kwenye paji la uso, kisha uzito wa watu. Maikrofoni ilikuwa mdomoni mwangu. Hapo ndipo jino lilipokwenda. Nilianguka chali, mtu akapiga goti juu ya kifua changu, mwingine akashika nywele, mwingine akanimiminia mafuta ya upako mdomoni mpaka yakaingia puani pamoja na damu. Mpiga ngoma alijaribu kunivuta. Walimpiga kwa kiti chake mwenyewe, na alipoweka mkono chini ili ainuke, kiatu kikaukanyaga na kubaki juu yake. Mpiga gita alikuwa kwenye kompyuta, wakamsukumia pembeni akabanwa ukutani. Kompyuta hakuna aliyeizima.

Kiongozi wa waombezi, baba mmoja mwenye suti ya kijivu ambaye hunisalimu vizuri sokoni, aliinama akaniambia, "Pepo, taja jina yako."

"Niachieni," nikasema kwa sauti yangu ya ofisini. "Iko wimbo tu. Papa, unanijua."

"Musikie vile iko inadanganya," akawaambia wenzake. "Sasa inatumia sauti ya mwanamuke."

Nikaona hakuna neno litakaloniokoa. Nikisema kama mtu, ni pepo mwenye hila. Nikinguruma, ni pepo aliyejionyesha. Basi nikamngurumia usoni, na mate na mafuta na damu vikamrukia kwenye miwani. Walinipiga makofi ya kichwa mpaka masikio yakafunga. Kupitia ule mvumo nilimsikia akisema, kwa utulivu wa mtu anayeagiza chai, "Mumupeleke mule mu chumba."

Niliogopa siku hiyo kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilikiona akilini kile kifundo cha mguu cha binti wa jirani. Walininyanyua kwa mikono na miguu, wakageuka na mimi kuelekea mlango, na hapo wakasimama.

Mama alikuwa nje ya mlango. Magoti yake ni mabovu, kwa hiyo alikuwa wa mwisho kuinuka ukumbini na wa mwisho kufika. Alikuwa amevaa kikwembe chake cha zamani cha ndege wa kijani, kilichochakaa pindoni. Alinitazama mara moja. Kisha, mbele ya wanaume wa kanisa, akafungua kikwembe, akabaki na jipo nyeupe, sketi ya ndani, akakinyoosha chini kwenye kizingiti, taratibu, kama anatandika meza.

"Huyu iko mutoto wangu," akasema.

"Mama," kiongozi akamwambia, "ile haiko mutoto wako. Mutoto wako bamemufunga mule ndani yake."

"Minamujua. Hii tumbo njo ilimubeba."

"Mama, okota ile kikwembe. Ile iko mambo ya bapagani. Tuliachaka ile."

"Kama iko ya bapagani, basi haina nguvu," mama akasema. "Iko chini pale. Muvuke."

Hakuna aliyevuka. Watu waliokuwa wakikemea mizimu kila Jumapili kwa vipaza sauti, wenye mafuta na mikono ya kuponya, walisimama mbele ya kitambaa chakavu wakitazamana. Kiongozi aliinua mguu, kiatu chake kimepigwa rangi vizuri, akaushikilia hewani. Akaurudisha ndani. Studio ilikuwa na mlango huo mmoja tu.

"Mutoto wa jirani nilimuosha," mama akasema. "Munakumbuka. Huyu sitamuosha."

Walikaa hivyo kwa muda, nami nikiwa nimening'inia mikononi mwao kama kiti kinachohamishwa. Mwishowe kiongozi akasema, na sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo, "Mama, utupe njia tutoke."

"Mumuweke chini kwanza."

Waliniweka chini. Mama akainama na magoti yake mabovu, akaokota kikwembe, wakapita mmoja mmoja bila kumtazama. Aliponyanyua uso wangu ilikuwa kuangalia meno. Hakunikumbatia. Alinifuta mafuta kwa pindo la kikwembe, akanikaripia kwamba sketi ya kazi imeharibika.

Kanisa lilimwondoa kwenye kikundi cha waombezi, wakatangaza mimbarani kwamba amerudi nyuma. Mpiga ngoma alinyang'anywa ufunguo, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilipona vikiwa vimepinda. Anapiga navyo hivyohivyo. Mpiga gita alirudi baadaye kuomba kompyuta yake, wakampa kwa kuiogopa. Kila kitu kilikuwa mle ndani: nyati, mlango, jino, makofi, kisha kimya, kisha mama. Hatukukata hata sekunde moja. Tulipoutoa wimbo ule kwenye mtandao, kijana mmoja wa mbali aliandika kwamba hajawahi kusikia mwisho wa kutisha namna ile, akauliza yule mchawi anayesema mwishoni tulimtoa wapi. Nilimtafsiria mama. Alicheka mpaka akajifuta macho.

Nilidhani kwa upande wake yameisha. Sasa kuna asubuhi moja, mji ukiwa mikononi mwa watu wengine wenye bunduki, barabara ya Bagira, ile ya kwenda Kasha, ina vizuizi, na sisi tulikuwa tumepanga kurekodi tena Kasha. Nilibeba begi, nikafika mlangoni kwetu, nikakuta kikwembe cha ndege wa kijani kimelala kwenye kizingiti. Mama alikuwa amekaa kando yake kwenye kibao, anachambua maharage.

Hasira ilinipanda. "Mama, niko nachelewa. Benzangu bananingojea. Okota."

Hakuinua kichwa. Alitoa jiwe dogo kwenye maharage akalitupa.

"Siku papa yako alikuwa anaenda Luhwindja," akasema, "nilikuwa niliota. Nikafungua kikwembe, hii hii. Nikaishika mu mikono. Halafu nikakumbuka vile banatufundisha ku kanisa, asema iko ya shetani." Akachambua kidogo. "Nikaifunga tena. Akapita."

Mlango ulikuwa wazi, na nje jirani alikuwa akianika nguo. Niliweka begi chini, nikavuta kibao kingine, nikakaa karibu naye nikaingiza mikono kwenye maharage. Simu ililia mfukoni, nikaiacha. Alikiokota mwenyewe jioni, baada ya kula.