Watoto wa Banda la Gemu na Saidi wa Mkokoteni

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye banda la gemu tulikuwa wanne: mimi; Bwana Jayanti, mwenye banda na duka la vitambaa Mtaa wa Kongo; fundi Kasimu, aliyemuoa wifi yangu; na Saidi, mtu wa Newala, aliyeleta mashine za gemu kwa mkokoteni. Serikali ilikuwa imefungulia biashara, vitu vya nje vinaingia kila siku.

"Mama Zuhura, kazi ndogo tu," akasema Bwana Jayanti. "Uza tokeni, futa vioo, asiyelipa atoke."

Tokeni ni kisarafu cha kutumbukiza ili mashine iwake. Kasimu akanifundisha na stebilaiza, kile kisanduku cha kutuliza umeme. Shule sikwenda sana, lakini gemu niliielewa: stelingi, yule shujaa unayemchezesha, anatembea mtaani akipiga watu. Maadui ni wanaume vifua wazi, vitambaa kichwani. Hawaulizwi kitu. Ukichelewa kuwapiga, unakufa wewe.

Watoto wakatoka na mchezo huo mpaka mtaani. Rashidi, mtoto wa jirani yangu Mwanaidi, ndiye alikuwa bingwa. Saidi akipita kifua wazi, kitambaa kichwani, wanamzomea: "Adui huyo! Mpige!"

"Mnipige nini, na jasho lote hili? Mtateleza!" Saidi anacheka, anasukuma.

Nikamweleza Bwana Jayanti. "Watoto hao, mama. Kesho watasahau."

Mchana mmoja mwanamke akakwapuliwa mkoba. Watu wakapiga kelele, "Mwizi! Kapita wapi?" Rashidi na wenzake wakachomoka bandani, wakamwonyesha Saidi, aliyekaa juu ya mkokoteni anakula muhogo. Watu wakamvamia kwa kipigo. Nilikimbia nikipiga kelele, "Mwacheni, huyo Saidi, namjua!" Nani anisikie? Nilipowapenya watu, alikuwa hapumui. Mkoba hakuwa nao.

Nikamshika Rashidi. "Ulimwona akiiba?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Mama Zuhura, si ndiye adui?"

Hakuwa na ujeuri. Aliniuliza kweli, kama anayetaka kujua.

Nilibaki bandani mpaka nguvu ziliponiishia, maana nyumbani walikula kwa kazi ile. Ila niliweka sharti langu: hupati tokeni mpaka unitajie jina la mtu mmoja afanyaye kazi mtaani, na kwao ni wapi. Bwana Jayanti alinuna, akazoea. Nyinyi mnaowapa watoto simu wanyamaze, kaeni muwaulize wanampiga nani humo, na amewakosea nini.

Saidi tulimzika bila ndugu yake hata mmoja. Mimi nakumbuka aliwahi kuniambia baba yake ni Hamisi Namkopa. Kama nimekosea, wewe wa Newala unayesoma hapa, nisahihishe, wa kwao wapate kujua.